Kupandisha kasi ya RAM na prosesa katika joto la Mombasa: mwongozo kamili

Namba nyingi za ovakloki (yaani kupandisha kasi kupita ile ya kiwandani) zinazozunguka mitandaoni zimepimwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 23. Hapa Mombasa mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukilegea, chumba kisicho na AC kule Majengo au Kisauni husoma nyuzi 31 mpaka 33 mchana. Kipozeo cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba, wala cha maji hakiwezi. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi hizo hizo. Ukinakili mipangilio ya mtu aliye Uingereza jinsi ilivyo, unaanza kazi ukiwa umeshaimaliza nafasi yote ya joto.

Kwa hiyo pwani tunaanza na RAM, maana ndiyo inayotoa faida kubwa kwa joto dogo. Prosesa inafuata, nayo tunaipunguzia volti badala ya kuiongezea. Mashine tutakayoifuata hapa ni ya kawaida: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, madabodi ya B550, vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 vilivyoandikwa 3600 CL18 (3600 ni kasi, CL ni mipigo ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data), pawa saplai ya wati 550, na kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120. Kile kipozeo kifupi kinachokuja ndani ya boksi la 5600 kinatosha kwa kazi za kila siku, lakini kwa haya hakifai.

Kwanza hakikisha mashine yako inakubali

Upande wa AMD, Ryzen za mezani karibu zote ziko wazi, ingawa zipo chache kama 5800X3D ambazo kizidishi chake (namba inayopanga kasi ya prosesa) kimefungwa. Kizuizi mara nyingi ni madabodi. B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaruhusu prosesa na RAM. A320 na A520 zinaizuia prosesa, lakini RAM bado unaweza kuigusa.

Upande wa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K pamoja na madabodi ya Z. B560, B660 na B760 zinaruhusu RAM peke yake. H510 na H610 haziruhusu chochote. Zile kompyuta za ofisini zilizotumika, za HP, Dell na Lenovo, BIOS yake (programu ya madabodi inayoshika mipangilio) imefungwa kabisa, na hakuna programu ya Windows itakayokufungulia.

Usafi, upepo na stima

Hewa ya bahari ina chumvi, na vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu hugeuka utando unaonata kwenye mapezi ya kipozeo. Blowa peke yake haiutoi. Ng'oa kipozeo, pitisha brashi laini ya rangi kati ya mapezi, ndipo upulize. Ukisafisha feni zishikilie kwa kidole zisizunguke, kwani blowa ikizizungusha kwa kasi huharibu beringi.

Miguu ya dhahabu ya vijiti vya RAM ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Mafundi wengi husugua kwa raba ya penseli. Inafanya kazi, ila huacha makombo ndani ya sloti na kila msuguo unakula ile dhahabu nyembamba, kwa hiyo usiifanye mazoea.

Pesti ya zamani ifute yote kwa spiriti hiyo hiyo. Weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa, kisha kaza skrubu za kipozeo kwa zamu, mzunguko mmoja huku na mmoja kule. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa mwingine, pesti husukumwa pembeni na utaona kiini kimoja (core) cha prosesa kina joto zaidi ya wenzake bila sababu.

Kesi iwe na feni mbili zinazovuta hewa mbele na moja inayotoa nyuma. Isimame angalau sentimita 15 kutoka ukutani, na isikae chini ya dirisha linalotazama bahari.

Stima yetu ni volti 240, na haikosi kupanda na kushuka. Kifaa cha TV guard huikata ikivuka mipaka na kuirudisha baada ya dakika chache. Kinalinda, lakini hakihifadhi umeme. Kwa kazi hii unataka UPS, hasa wakati wa kupakia BIOS mpya: stima ikipotea katikati ya shughuli hiyo, madabodi inaweza kufa mpaka iandikwe upya kwa mashine ya fundi, isipokuwa ina kitufe cha BIOS Flashback. UPS ndogo ya VA 650 hubeba wati 360 hivi, kwa hiyo usiitegemee ukiendesha jaribio la prosesa na kadi ya michoro kwa pamoja.

Kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Watu huliruka hili, na hili ndilo linalowaliza. RAM isiyotulia mara nyingi haizimi kompyuta. Huharibu kimyakimya kile inachokiandika: picha inafunguka nusu, Windows inagoma kujisasisha, kumbe kosa lilitokea wiki mbili nyuma.

Jua ulipoanzia

Pakia HWiNFO64 (husoma joto), CPU-Z na ZenTimings (huonyesha kasi na nyakati za RAM) na Cinebench R23 (jaribio la prosesa). Weka kipimajoto cha chumba mezani. Endesha Cinebench ya viini vyote kwa dakika 30, uandike kwenye daftari joto la chumba, joto la juu la prosesa, alama ulizopata na kasi ya wastani. Bila joto la chumba, namba nyingine zote hazina maana. Nyuzi 74 za mwezi wa Julai, kusi ikivuma, si sawa na 74 za Machi.

Kikomo cha 5600 ni nyuzi 90. Ukifanya kazi hii Julai au Agosti, lenga usizidi 80 katika jaribio zito ili msimu wa joto ukirudi ubaki na nafasi. Ukiifanya Februari au Machi, 85 inakubalika, kwani huko ndiko mwisho wa ubaya.

RAM

Vijiti viwili vikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye madabodi nyingi zimeandikwa A2 na B2. Vikikaa katika zile nyingine, mashine inaweza kuwaka vizuri kwa kasi ya kawaida halafu ikagoma kwenye 3600, na utasingizia RAM bure. Ukinunua, dai vijiti vilivyofungwa pakiti moja. Viwili vya jina moja vilivyonunuliwa miezi tofauti vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Ingia BIOS, washa XMP, yaani mipangilio ya kasi ambayo kiwanda kimeihifadhi ndani ya RAM (kwa DDR5 za AMD inaitwa EXPO), hifadhi, acha mashine iwake upya. Hapo RAM inatoka kwenye kasi yake ya msingi, mara nyingi 2133 hadi 2666, mpaka 3600, na volti zinapanda kutoka 1.2 hadi 1.35. Kompyuta nyingi zilizoundwa nyumbani zimetumika miaka bila mwenyewe kugusa kitufe hiki. CPU-Z itakuonyesha 1800 badala ya 3600. Usishtuke: DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mpigo wa saa, na CPU-Z inahesabu mipigo.

Kasi peke yake haisemi yote. Zidisha CL kwa 2000, gawa kwa kasi, upate nanosekunde za kusubiri. 3200 CL16 ni 10. 3600 CL18 ni 10 vilevile, ila inapitisha data nyingi zaidi kwa sekunde. 3600 CL16 ni 8.9. Na 2666 CL19, ambayo ndiyo imejaa madukani, ni 14.25.

Sasa tazama FCLK, yaani kasi ya njia inayounganisha viini na kidhibiti cha RAM ndani ya Ryzen. Inatakiwa iwe nusu ya namba ya RAM: kwa 3600 weka 1800. Zikiachana, ucheleweshaji unaruka juu na 4000 yako inaweza kushindwa na 3600. Ryzen 5000 karibu zote hufika 1800. Zipo zinazofika 1900, ukaweza kuendesha 3800. Ukijaribu, fungua Event Viewer ya Windows baadaye utafute maandishi ya WHEA-Logger, yaani makosa ya vifaa. Yakiwepo, rudi 1800, hata kama mashine inaonekana imetulia. Volti za SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) zitoshe 1.1, hakuna haja ya kuvuka hapo kwa 3600. Wenye Ryzen 7000 wajue kwamba mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za X3D kuungua, AMD iliweka kikomo cha SoC kuwa volti 1.30. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe kwanza ndipo uwashe EXPO.

XMP ikishatulia, kaza nyakati (timings, yaani mipigo ambayo RAM husubiri kati ya hatua zake) kwa mkono, moja baada ya nyingine:

1. Panga volti za RAM 1.40. Chipu nyingi za DDR4 hazina shida hapo. Kwenye joto letu usivuke 1.45.
2. Shusha tCL (ndiyo CL ile ile) kutoka 18 hadi 16. Usihangaike na 17 kama Gear Down Mode imewashwa, kwa sababu hupandisha namba witiri kwenda shufwa inayofuata: unaandika 17, inaenda 18.
3. Jaribu tRCD na tRP hatua moja moja. tRCD ndiyo kaidi zaidi, na chipu nyingi za bei ya chini hukwama 19 au 20. Ikigoma iache.
4. tRAS iweke kama jumla ya tRCD na tRTP au juu kidogo, na tRC iwe tRAS kujumlisha tRP.
5. Malizia na tRFC. Hiki ndicho chenye utamu.

tRFC ni muda ambao RAM inasimama ili kujiburudisha chaji zake, na muda huo hakuna data inayopita. Kwa chipu za gigabiti 8, kiwango rasmi ni nanosekunde 350, ambazo kwenye 3600 ni mipigo 630. Chipu nyingi zinahitaji pungufu sana ya hapo. Shuka 630, 580, 540, 500, ukijaribu kila mara. Aina ya chipu iitwayo Samsung B-die huweza kushuka chini ya 300, ila ndiyo hiyo hiyo inayochukia joto: ikivuka nyuzi 50 huanza kutoa makosa ambayo haikuwa nayo ikiwa na 42. Ukifika inapotoa kosa, panda mipigo 30 hadi 40 juu ya ile ya mwisho iliyopita safi, uache hapo.

Kupima RAM kunataka hatua mbili. Kwanza MemTest86 kutoka kwenye flashi, kabla Windows haijawaka, raundi zote 4 ambazo toleo la bure linaruhusu. Kosa hata moja ni kufeli. Msemo wa "kosa moja si neno" usiukubali. Ikipita, ingia Windows na uendeshe TestMem5 au Karhu kwa saa kadhaa.

Hatua ya pili ni ya hapa kwetu. RAM inayopita ikiwa ya baridi hufeli ikipashwa na kadi ya michoro iliyo chini yake. Funga kesi, subiri saa nane mchana, zima AC kama unayo, endesha gemu zito au jaribio la kadi ya michoro huku TestMem5 ikifanya kazi, ukiangalia joto la vijiti kwenye HWiNFO64 kama vina sensa. Kama kuna kosa la joto, hapa ndipo litakapojitokeza. Dawa ya kwanza ni upepo: feni ndogo ikielekea kwenye vijiti hupunguza joto vizuri. Dawa ya pili ni kulegeza tRFC. Kuongeza volti kutaongeza joto na kukurudisha ulipotoka.

Prosesa: volti kidogo, kasi zaidi

Kabla ya kuigusa prosesa, rudisha RAM kwenye mipangilio ya msingi, baada ya kuhifadhi profaili yako ndani ya BIOS. Ukibadilisha vyote viwili pamoja na mashine ikaanguka, hutajua aliyeangusha ni nani.

Njia ya zamani ilikuwa kufunga viini vyote kwenye kasi moja, tuseme GHz 4.6, kwa volti 1.25 au zaidi. Bado inawezekana, lakini Ryzen 5000 hujipandisha yenyewe kulingana na joto, wati na mzigo, na kasi ya kufunga huiondolea akili hiyo. Unapoteza kwenye kazi za kiini kimoja na unalipa tokeni zaidi mashine ikiwa imekaa tu. Tunachokitaka ni Curve Optimizer, ndani ya ukurasa wa BIOS wa PBO, mfumo wa AMD wa prosesa kujipandisha kasi. Inapunguza volti kwa kila kasi, na kila hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5. Volti zikipungua joto linapungua, na prosesa ikiona ina nafasi, inajipandisha yenyewe.

PBO iweke Advanced. Mipaka ya nguvu iache ya kiwandani: PPT wati 76, TDC ampea 60, EDC ampea 90. Curve Optimizer iweke All Cores, Negative, 10. Endesha Cinebench ya dakika 30 ulinganishe na daftari lako. Nenda 15, kisha 20. Baadhi ya prosesa hufika 30, ambao ndio mwisho wa menyu, ila usiitegemee yako iwe hiyo.

Hapa wengi hudanganyika. Cinebench inapita, Prime95 inapita, mtu anafurahi, kisha kompyuta inajizima akiwa anasoma barua pepe. Sababu ni kwamba chini ya mzigo mzito viini vyote vinakimbia kasi ya wastani, mbali na ukingo. Ukiwa umetulia, kiini kimoja kinaruka ghafla mpaka kasi yake ya juu kabisa, na hapo ndipo volti zile pungufu hazitoshi. Kwa hiyo pima kwa CoreCycler, inayobebesha kiini kimoja kimoja, na uiache usiku kucha. Ikikutajia kiini kilichofeli, badili kutoka All Cores kwenda Per Core na umpunguzie huyo peke yake: kutoka 20 kwenda 15, au 10. Mara nyingi wanaofeli ni viini bora, vile ambavyo Ryzen Master huviwekea nyota, kwa sababu kiwandani vilishapewa volti chache.

Boost Override ya +200 iache mwisho. Inaongeza kasi ya kiini kimoja, na pia inapunguza umbali unaoweza kushuka na Curve Optimizer. Katika chumba cha nyuzi 32 tungechagua 20 hasi bila nyongeza kuliko 8 hasi na +200.

Ikishatulia, rudisha profaili ya RAM juu yake, kisha upime tena vyote kwa pamoja. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, kwa hiyo vitu viwili vilivyopita kila kimoja peke yake vinaweza kufeli vikikutana. Prime95 ya Large FFTs kwa saa chache ni kipimo kizuri cha muungano huo.

Kwa wenye Intel

Kanuni ni hizo hizo: punguza volti kwanza, hatua za milivolti 10 hadi 20, na weka kikomo cha wati mwenyewe, maana madabodi nyingi za Z hukiacha wazi na prosesa ya K hugonga nyuzi 100 ndani ya sekunde chache. Kama unayo ya kizazi cha 13 au 14, usianze kabla hujapakia BIOS yenye maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x12B au mpya zaidi. Prosesa hizo zilikuwa na tatizo la kuomba volti nyingi mno zikachakaa, na Intel ilitoa marekebisho hayo mwaka 2024 pamoja na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Iliyokwisha chakaa haiponi kwa BIOS.

Ikikataa kuwaka

Subiri. Baada ya kubadilisha RAM madabodi hujizima na kujiwasha mara kadhaa ikitafuta mipangilio, na DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa. Wengi huikatia stima katikati na kuanza upya tatizo. Ikishindwa kabisa, zima, chomoa waya wa stima, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10, kisha gusisha pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10. Kama huzioni, toa ile betri bapa ya CR2032 kwa dakika tano. Kila kitu kitarudi cha kiwandani, na wakati mwingine profaili ulizohifadhi pia hufutika, kwa hiyo piga picha ya kila ukurasa wa BIOS kwa simu.

Ikiwaka lakini ikasumbua, dalili zinasaidia. Skrini ya buluu yenye majina tofauti kila mara, au programu zinazojifunga ovyo, ni RAM. Kujizima ghafla bila skrini ya buluu ukiwa hufanyi kitu kizito ni Curve Optimizer. Kasi kushuka ghafla katikati ya gemu ni joto. Sauti kukatika na USB kupotea na kurudi, angalia FCLK na SoC.

AC na misimu miwili

AC husaidia, lakini ina mtego. Hewa yetu ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Chumba kikilala kwenye nyuzi 20 na mashine imezimwa, kisha asubuhi ukazima AC na kufungua dirisha, bati la kesi na madabodi ndani yake vinaweza kulowa. Subiri saa nzima kabla ya kubonyeza swichi. Kwa sababu hiyo hiyo, vipozeo vya umeme vinavyoshusha joto chini ya lile la chumba achana navyo huku.

Hifadhi profaili mbili ndani ya BIOS. Ya kusi, tangu Juni hadi Septemba, iwe na RAM uliyoikaza na PPT 76, au hata 88 kama kipozeo chako kinabeba. Ya kaskazi iwe na Curve Optimizer ile ile, tRFC imelegezwa mipigo 40, na PPT 65. Tofauti kwenye gemu ni ndogo sana, feni zinatulia, na hutalazimika kurudi BIOS kila joto likizidi.